Vitabu Kumi vya Porini na Mkwe Mmoja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Asubuhi njema. Njema kwa wenzangu. Mimi nimeianza nyuma ya tanki la maji, nimechuchumaa, nasubiri mama mkwe amalize kufagia uwanja. Anafagia huyu mama! Anafagia mpaka ardhi inataka kulia. Kwetu Wasukuma mama mkwe hutazamani naye, huli naye, hukutani naye njiani, na jina lake sitaliandika hata humu. Heshima. Ni mila nzuri sana mkikaa wilaya mbili tofauti. Sisi tunakaa uwanja mmoja hapa Bariadi, tangu ile mashine yangu ya kutotoa vifaranga ilipoamua kuwapika na kodi ya nyumba ikatushinda. Baba mkwe yuko zake Lalago na ng'ombe. Mtu mwenye akili.

Lakini leo kuna habari! Kata yetu ya Lingeka imemaliza kujenga chumba cha kusomea vitabu, na wanatafuta msimamizi. Nyuma ya jengo kuna nyumba ya huyo msimamizi. Nyumba! Yangu na mke wangu Milembe, bila mkwe wala tanki.

Milembe kasikia, akazungumza kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu. Akasema pamba ikimalizika kuuzwa bila sisi kupata pa kuhamia, yeye atabaki kwa mama yake na mimi nitajua pa kwenda. Nikamwambia aondoe wasiwasi. Akasema wasiwasi wake wote ulikwisha kwenye vifaranga.

Masharti ni rahisi. Wafadhili wameleta maboksi ya vitabu vya kujifunza shughuli za nje: kupiga kambi, kupanda milima, kutazama ndege, kuvua samaki. Wanasema vijana wapate kazi za utalii, maana Serengeti iko hapo jirani. Kila mwombaji achague vitabu kumi bora na aseme kwa nini. Waombaji tuko wawili. Mimi na Kija, yule dada wa duka la fotokopi mwenye miwani ya kamba. Namhurumia.

Jumanne, 10 Juni

Tumepewa siku nzima na maboksi. Kija kakaa kwenye kona, anasoma. Anasoma kweli, mpaka ukurasa wa mwisho, kama mtu aliyefungwa jela. Nikajaribu na mimi. Kufika ukurasa wa kumi nikagundua siri yao: vyote vinasema mambo yale yale. Beba maji. Mwambie mtu unakokwenda. Usimchezee nyoka. Sasa usome vyote kumi ya nini?

Nikachagua kwa macho, kama unavyochagua ng'ombe mnadani. Cha kwanza: kitabu cha kupiga hema, kina picha kubwa. Cha pili: kitabu cha kuteleza kwenye theluji. Wazungu wamevaa vibao miguuni wanashuka kilima cheupe, raha tupu. Nikaandika: "Kinawafaa sana vijana wa Lingeka." Cha tatu: mtumbwi wa kwenye maji ya kasi. Cha kumi: uyoga wa porini. Hicho nimekiweka kwa sababu nilihitaji cha kumi.

Milembe akauliza kama nimevisoma. Nikamwambia mshenga haoi, kazi yake ni kusifia tu.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha kamati. Mwenyekiti ni Mama Elina, mwanamke asiyecheka hata kwenye harusi.

Kija kaanza. Kitabu hiki kinamfaa anayeanza, michoro yake inaeleweka. Hiki kizuri, lakini sura ya nyoka iacheni, nyoka wake ni wa Marekani. Hiki kina maneno magumu, kisomwe wawili wawili. Blabla blabla. Wajumbe wanatikisa vichwa kama mijusi.

Zamu yangu. Mama Elina akataka kujua vijana wa Lingeka watapata wapi theluji. Nikamkumbusha ile mvua ya mawe ya mwaka juzi. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mjumbe mwingine akauliza kitabu cha uyoga kinautambulishaje ule wenye sumu. Nikasema kitabu kizuri hakimwambii mtu kila kitu. Mama Elina akaandika tena, na safari hii ilikuwa aya nzima.

Nilikuwa nazama, wallahi, nami ni Mkatoliki. Ndipo akaamka Mzee Mahona. Huyu zamani alikuwa kiongozi wa ngoma, Mgika, yaani wa kundi la Bagika, mpaka kwenye mifupa, na kikaoni huja kulala. Akasema maneno mengi ya nini? Tufanye kama ngoma! Bagika huku, wapinzani wao Bagalu kule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila mmoja achukue kitabu kimoja, akionyeshe kwa vitendo, Jumamosi ijayo. Makofi! Niliyeanza kupiga ni mimi.

Mama Elina akaongeza jambo fulani kuhusu watu kuondoka wamejifunza kitu. Mambo madogo madogo.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Lamadi kwa rafiki yangu Sayi, mpishi kwenye kambi moja ya watalii. Kanipa hema waliloacha kulitumia. Kubwa, la kijani, linanuka popo. Sayi akanionya kwamba zipu yake ina kiburi: ukiifunga ukiwa ndani, haifunguki mpaka mtu aivute kutoka nje. Nikamwambia sina mpango wa kuishi humo.

Sikuishia hapo. Mchezaji ngoma gani anaingia uwanjani bila samba, dawa ya mvuto? Pembeni ya soko la samaki yuko mzee mmoja anazo. Unga wa mizizi, uchanganye na asali, upake kile unachotaka kivute. Akaniuliza nataka kuvuta nini hasa. Swali gani hilo! Nikamwambia avute chochote chenye miguu.

Kija na miwani yake atajuta.

Jumatano, 18 Juni

Mazoezi uwanjani kwetu. Mkwe alikuwa shambani akichuma pamba, kwa hiyo nilikuwa huru kama mwenye nyumba. Nikafuata picha za kitabu moja baada ya nyingine. Hema likasimama! Limeinama kidogo upande wa zizi, na vimebaki vyuma viwili visivyo na kazi. Nadhani ni vya akiba.

Mara nasikia kikohozi cha mkwe langoni. Karudi mapema! Tanki liko mbali. Nikajitupa hemani. Nikatulia. Ajabu, nikajisikia salama kabisa. Hiki ndicho nilichokosa mwaka mzima.

Mkwe naye hawezi kusema na mimi uso kwa uso, kwa hiyo huwa anazungumza na kuku. Leo kamuuliza kuku: hivi hii nyumba ya nguo ni ya mtu au ya mbwa? Kuku hakujibu. Akamwambia kuku tena kwamba kila siku anasali rozari nzima ili mtu fulani apate ile nyumba ya kata, kwa maana yeye naye amechoka kufagia huku anakohoa ili watu wajifiche. Nimeguswa. Kweli nimeguswa. Hatujawahi kutaka kitu kimoja, mimi na yule mama.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepeleleza. Kija ataonyesha kitabu cha kutazama ndege. Ndege! Nani atatoka kwake Jumamosi, kipindi hiki cha pamba, aje kumtazama kunguru kwa darubini? Hata hivyo tahadhari si woga. Nikapita mashine ya kusaga, nikawanong'oneza akina mama watatu kwamba Kija ameahirisha. Mmoja wao ni shangazi yake. Nimejua baadaye, Kija aliponisimamisha njiani, akanisalimu "Mwadila" kwa upole mwingi na kuniuliza ni nani aliyemwahirisha. Nikamwambia mji huu una umbea sana.

Milembe anasema mama yake ana mpango wa kuja kesho kunisaidia. Nikacheka. Mkwe aje aliposimama mkwewe, mbele za watu? Mila hairuhusu. Milembe akasema nimsikilize vizuri. Nilikuwa nakoroga asali, nikamwambia tutaongea.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Tulianza vizuri. Uwanja mmoja, mimi upande wa mashariki, Kija upande wa mitini. Hema langu nimelipaka samba kila mahali, linang'aa. Kija kashika kitabu na darubini moja, watu wake wachache wamemzunguka, wanapokezana. Kila mmoja anatazama, anafungua kitabu, anatafuta picha, anabishana na jirani. Kelele za kitoto. Upande wangu watu wengi kidogo, kwa sababu ya hema. Mzee Mahona katikati na fimbo yake, anahesabu kwa macho.

Nikafungua kitabu. Nikatangaza: ndugu zangu, kanuni ya kwanza ya kambi ni kuchagua mahali pazuri! Nikasikia vigelegele nyuma ya umati. Kumbe ni wanawake wa kikundi cha kulima cha mtaani kwetu, wote, majembe begani, ngoma mbele, wanaimba jina langu. Januarius! Januarius! Moyo ukajaa. Wakapita katikati ya watu, wakafika mbele kabisa. Na aliyewaongoza, kitenge kipya, jembe juu, ni nani?

Mkwe!

Hatua chache kutoka kwangu. Macho kwa macho! Yesu na Maria. Ningefanya nini? Nilifanya kile ambacho mwanamume yeyote mwenye adabu angefanya. Nikaruka hemani na kufunga zipu.

Umati ukanguruma. Watu wa Kija wakasikia, nao wakaja mbio, wakabaki wachache wabishi na kunguru wao. Waliokuwa wakipita na ng'ombe wakasimama. Wauza miwa wakaja. Nikamsikia Mzee Mahona akipiga kelele kwamba tangu ujana wake hajaona mtu mmoja akivuta uwanja namna hii bila hata kucheza. Nilikuwa nashinda! Nimekaa kimya gizani, nanuka popo, nashinda. Mkwe naye hakuondoka. Alifikiri kujificha ni sehemu ya somo. Nikamsikia anawaambia wenzake wasubiri, mkwewe atatoka na jambo kubwa.

Kisha nikahisi kitu kwenye kifundo cha mguu. Nikahisi kingine gotini. Siafu! Kiangazi chote hiki, wametoka wapi? Wamefuata asali. Wamepita chini ya hema, mkoani kote wamealikana. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wanatania. Nikaivuta zipu. Haiendi. Nikaita mtu aivute kutoka nje, ila kwa kile kilichokuwa kinanitokea sauti ilitoka kama ya mbuzi, watu wakadhani ni somo la kuita wanyama. Wakapiga makofi!

Nikasimama nalo. Hema zima, vyuma vyake vyote, hata vile vya akiba. Nikakimbia bila kuona. Watu wanapiga yowe, wanapisha, wanacheka mpaka wanalala chini. Kila mtu alipisha. Isipokuwa mmoja, ambaye kwa heshima alikuwa ameugeuza mgongo asinitazame.

Nimemwangusha mama mkwe. Tumelala pamoja kwenye vumbi, mimi nimefungwa kwenye hema, yeye chini yangu, mbele ya kata nzima.

Jumapili, 22 Juni

Uso umevimba. Sikwenda kanisani. Sikuweza hata kutembea.

Kamati imekaa hapa uwanjani kwetu, wakaniletea matokeo nikiwa nimelala. Mzee Mahona akasema wazi: kwa mvuto Januarius kashinda, wala si mchezo. Nikainua mkono kuwashukuru. Mama Elina akasema ngoja. Sharti lilikuwa watu waondoke wamejifunza. Akawauliza watu walioandamana na kamati wamejifunza nini kwangu. Mmoja akasema yeye amejifunza kutofunga zipu. Wa Kija nao wakaulizwa, wakaanza kutaja ndege, na kitabu kipi kina picha nzuri, na kipi mtu asiyejua Kiingereza anaweza kukifuata kwa michoro. Hata mkokota mkokoteni mmoja anataka kuazima cha kuvua samaki. Kamati ikampa Kija. Upendeleo wa wazi kabisa! Umati mkubwa kuliko wote katika historia ya kata, halafu wanaangalia nani kaelewa.

La mkwe likafuata. Wazee wakasema ni mbuzi, wa kusafisha aibu ile. Mimi mbuzi sina. Milembe akaenda zizini, akamtoa mbuzi wake mwenyewe, yule mwenye mimba. Akampitisha mbele yangu bila kunitazama. Afadhali angenitukana.

Mkwe hakuumia. Inasemekana alicheka jana njia nzima kurudi nyumbani. Leo kaiambia fimbo ya Mzee Mahona kwamba mkwewe ni mzito kuliko anavyoonekana.

Jumanne, 24 Juni

Kija kaja. Nilitaka kujifanya nimelala, Milembe akanikalisha.

Akasema yeye ana kwake, ile nyumba ya msimamizi haihitaji. Kazungumza na kamati, wamekubali niwe msaidizi wake, na nyumba tuhamie mimi na Milembe hata kesho. Milembe akaziba mdomo kwa kanga. Alilia. Mke wangu alilia kwa furaha, mara ya kwanza tangu vifaranga.

Kija akasema kuna sharti moja tu. Kabla sijampendekezea mtu kitabu chochote, nikisome mpaka mwisho, nije nimweleze kilichomo. Nianze na kile cha hema.

Mimi! Nitahiniwe! Mtu aliyejaza uwanja! Nikamwambia ahsante, nyumba ya masharti si nyumba, ni mtego. Kija akavaa miwani, akaaga. Milembe akaniuliza tena, polepole, kama nina hakika na nilichosema. Nikamwambia mwanamume hasemi mara mbili. Akaniangalia muda mrefu. Bila shaka alikuwa ananiheshimu.

Mchana kutwa ameshinda chini ya paa la jikoni na kile kitabu cha hema. Nikamwambia asijisumbue, picha nilishaziona mimi.

Jumatano, 25 Juni

Kumbe alikimaliza. Leo asubuhi Milembe kaenda kwa Kija, kamweleza kitabu chote, mwanzo mpaka mwisho, hata sura ya kwa nini usiweke asali karibu na hema. Ipo sura hiyo! Kija kampa kazi papo hapo. Na nyumba.

Saa nne alirudi na mkokoteni. Kapakia godoro, sufuria, redio na kuku mmoja aliyepewa na mama yake. Nikamuuliza nami nipakie wapi. Akasema mlango uko wazi siku yoyote nitakapokuja na kitabu nilichokisoma, chochote kile, hata chembamba. Akasema hata cha watoto. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Kisha akaenda, na hakugeuka mpaka kona ya mashine ya kusaga. Pale aligeuka.

Chumba chetu mkwe ameshaanza kukijaza pamba. Ni haki yake, kilikuwa cha binti yake. Mimi nimesimamisha hema nyuma ya zizi, safari hii nimekata zipu kwa kisu. Mkwe kapita akafagia upande huu, hakukohoa wala hakusema na yeyote, kanisukumia sahani ya michembe ya viazi kwa ufagio. Tuko wawili tu sasa hapa nyumbani.

Nimemkumbuka Milembe. Nakiri, nimemkumbuka sana.

Lakini sina haraka. Najua wanawake. Maji bombani, taa usiku, vitabu ukutani, na hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia mpango mpya: maisha gani hayo? Nampa mpaka mwisho wa mwezi, atakuja mwenyewe kuniomba msamaha.